Sheria ya Binti wa Mikayi

Mimi ndiye niliyekuwa mshika sheria. Nalisema mapema, msije mkanihurumia kabla ya kujua.

Baba alikuwa karani kwenye kinu cha kuchambulia pamba pale Homa Bay, miaka ile michache baada ya uhuru. Siku moja alirudi nyumbani na meza iliyotupwa ofisini kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Mama mkubwa, mke wake wa kwanza, aliitazama akasema kwamba kitu chenye miguu mitatu ni mafiga, na mafiga anayo tayari. Mama yangu, mke wa pili, alisema nyumba yake haina nafasi. Basi meza ikawekwa nyuma ya ghala la nafaka, ikaegemezwa jiwe, ikawa yetu sisi watoto.

Juu yake tulichora nchi kwa mkaa. Ziwa lilikaa upande mmoja, kilima upande wa pili, boma letu katikati, na barabara ya Migori ilipinda mpaka ile pembe yenye jiwe. Kila mchezaji alikuwa mtu fulani. Mvuvi alikuwa kifuniko cha chupa ya soda, Mhunzi msumari, Mganga kigae cha chungu, na Mikayi shanga nyekundu. Mikayi ndilo jina la mke wa kwanza kwetu Wajaluo. Tulirusha vipande vinne vya kibuyu vilivyopakwa masizi upande mmoja, tukahesabu vyeupe, tukatembea hatua hizo. Vikianguka vyote vyeusi, mtu wako ni mgonjwa na unamlaza chali.

Utamu wote ulikuwa kwenye sheria. Niliziandika kwa penseli katika daftari la shule, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kila mtu alikuwa na jambo moja aliloliweza peke yake, na jambo moja alilokatazwa. Mvuvi alivuka maji lakini hakupanda kilima. Mhunzi alitoboa ua wowote lakini hakugusa mbegu. Mganga aliponya wote isipokuwa nafsi yake. Na Mikayi ndiye aliyefungua msimu: asipopanda yeye, hakuna mwingine wa kupanda. Ila hakuweza kutoka bomani.

Mganga alikuwa mimi. Mikayi alikuwa dada yangu, binti wa mama mkubwa. Tulizaliwa msimu mmoja, yeye akanitangulia kwa palizi moja tu, na kwa palizi hiyo nilimwamkia kama mkubwa wangu, jambo lililonikera mno. Wadogo zetu wawili wa kiume walicheza Mvuvi na Mhunzi siku ambazo hawakuwa na kitu kingine cha kuvunja.

Siku moja mama mkubwa alipita na ungo wake akainama juu ya meza.

“Mimi ni nani hapa?”

Dada yangu akamwonyesha shanga.

“Na ninaweza nini?”

“Hakuna mtu atapanda kabla yako, mama.”

“Na siwezi nini?”

“Kutoka bomani.”

Alicheka mpaka pumba zikamwagika. “Hapo mmesema kweli, watoto wangu,” akasema, akaenda zake.

Hatukuwa tumebuni kitu. Hivyo ndivyo boma letu lilivyolima. Mvua ikija, mama mkubwa hutoa mbegu kwanza, kisha mama yangu, kisha wengine kwa zamu zao. Anayemtangulia huiletea nyumba chira, ule ugonjwa unaomnyausha mtu mpaka mifupa ionekane na hospitali isiwe na jina la kuupa. Tulikuwa Wakristo wazuri tu. Jumapili tuliimba kwamba hatuogopi lolote, na Jumatatu hakuna aliyeshika jembe kabla ya zamu yake.

Mwaka ninaousimulia, mama mkubwa alianza kuvimba miguu wakati ardhi ingali kavu. Kisha tumbo nalo likavimba. Baba aliomba ruhusa kazini, akampakia kwenye lori la mizigo, akaenda naye hospitali kule Migori. Dada yangu alisimama langoni hadi vumbi lilipotulia. Alisema kitu kimoja tu: “Ametoka bomani.” Nikamwambia aache upuuzi, ule ni mchezo. Lakini na mimi nilikuwa nimewaza hivyo hivyo.

Mvua zikaja baada ya siku chache, nzito, zenye harufu ile ya udongo inayomfanya mkulima aamke kabla ya jogoo. Majirani walipanda. Baba alituma ujumbe na mtu wa lori: ngojeni, anapata nafuu, tutarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika na ujumbe ule ule. Majirani wakaanza kupalilia. Shamba letu lilikuwa limelimwa, jeusi, tupu, maji yakitiririka juu yake kuelekea ziwani.

Mama alikuwa na mbegu za mtama kwenye kibuyu. Kila asubuhi alikitoa, akakitikisa, akakirudisha. Ghala lilikuwa limefika sakafuni. Alichanganya unga wa mtama na wa muhogo, kisha muhogo ukazidi, kisha ukabaki muhogo peke yake. Aliwapakulia wana wa mama mkubwa kwanza, akatupakulia sisi, kisha akasema yeye ameshiba. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba hajashiba.

Mtu atauliza kwa nini mama hakutuma mtu amwombe mama mkubwa ruhusa. Kumwomba mgonjwa ruhusa ya kumtangulia kupanda ilikuwa sawa na kumwambia kwamba anakufa. Mama alijaribu kumgusia baba mdogo, ndugu wa baba, aliyekuwa akituangalia.

“Shemeji,” baba mdogo alisema, “unataka kumzika mtu na bado anapumua?”

Mama akarudi kukitikisa kibuyu chake. Usiku na mchana mvua ilinyesha juu ya hofu yetu, na sote tulijua haitanyesha milele.

Sisi watoto tuliendelea kucheza, tungefanya nini? Alasiri moja dada yangu alirusha vipande vikaanguka vyote vyeusi. Mikayi akalazwa chali. Mganga wangu alikuwa mbali, kwenye pembe ya Migori. Kila mzunguko uliopita bila kupanda, ghala zetu zilipungua punje moja. Alirusha, nikarusha, kigae changu hakifiki bomani. Punje zikaisha. Mdogo wetu akaanza kulia kwamba Mvuvi wake amekufa njaa.

“Si Mganga ampandie?” dada yangu akasema.

“Sheria hairuhusu.”

“Badilisha.”

“Sheria ni msumeno,” nikamjibu, maneno niliyoyasikia kwa mwalimu wetu na kuyapenda. Aliiokota shanga yake akaondoka nayo.

Kesho yake, jua likiwa utosini na wakubwa wako mtoni, alinikuta nyuma ya ghala. Alikuwa na lile daftari mkononi. Hakuwa na ruhusa ya kulishika, lakini uso wake haukuwa wa kuambiwa hivyo.

“Andika ingine,” alisema.

“Ipi?”

“Kwamba Mikayi akiwa mgonjwa, Mganga anaweza kumpandia. Mstari mmoja tu. Wewe ndio Mganga.”

Ndipo nilipoelewa kwamba hazungumzii meza. Aliniomba mimi, kwa mikono yangu, nikapande katika shamba la mama yake ili boma zima lipate kupanda. Aliamini, na mimi karibu niliamini, kwamba jambo likiandikwa katika daftari lile lina nguvu. Tulikuwa watoto wa karani. Tulikuwa tumeona watu wazima wakivua kofia mbele ya karatasi.

Niliogopa. Siwezi kulipamba neno hilo. Niliona mbavu zangu zikihesabika, nikaona ninanyauka na hakuna wa kunitibu, maana Mganga hajiponyi. Na bado nilikuwa na njaa, nikatamani sana mtu apande. Nilichukua penseli nikaandika polepole, nikibuni neno kwa neno:

Mikayi akiwa mbali, binti yake wa kumzaa anaweza kupanda mstari mmoja kwa niaba yake, akiwa amejifunga kitambaa chake. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi.

Alisoma. “Kitambaa cha nini?”

“Ili ardhi itambue mkono.” Nilisema kwa sauti ya bibi kizee.

“Na kwa nini si wewe?”

“Mganga hagusi mbegu.”

Huo ulikuwa uongo. Hapakuwa na sheria ya namna hiyo, na aliyezijua sheria zote kwa kichwa alikuwa yeye. Alinitazama kidogo. Kisha akaenda nyumbani kwao, akatoka amejifunga kitambaa cha mama yake, kile cha bluu chenye madoa meupe, kikiwa kikubwa mno kichwani. Mimi nilisimama kwenye ua wa minyaa nikimlinda. Alipiga mashimo kwa kisigino, akaangusha punje, akafukia kwa vidole, mpaka mwisho wa mstari. Alipomaliza alinawa mikono kwenye dimbwi, akanawa tena, akarudisha kitambaa mahali pake.

Siku ya tano mtama ukachomoza. Mama aliuona akielekea mtoni. Aliweka mtungi chini, akasimama. Nilikuwa nyuma yake. Hakuuliza mtu. Aligeuka, akachukua jembe na kile kibuyu, akapanda mpaka magharibi bila kuketi. Baba mdogo alipokuja juu kama moto, mama alimwambia, “Mwenyewe ametuma neno.” Baba mdogo akatazama ule mstari wa kijani, akarudi kwake. Naye alikuwa na watoto. Kesho yake alipanda.

Wiki tatu baadaye lori lilisimama langoni, na baba alishuka nyuma, si mbele. Mama mkubwa alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya lori, amefunikwa blanketi. Wanawake walianza kulia kabla injini haijazimwa. Mama yangu alikimbia akazunguka boma na mikono kichwani, na nadhani hakuna aliyelia kwa kweli kama yeye. Dada yangu hakulia. Alikuwa akitazama viganja vyake.

Daftari nililitia motoni, chini ya sufuria ya chakula cha matanga. Meza ilipasuliwa kuni siku hiyo hiyo na mtu asiyejua ni kitu gani.

Mtama wa mwaka ule ulikubali kuliko miaka yote niliyokumbuka. Masuke yaliinama. Ghala lilijaa, tukala. Dada yangu hakula. Alikula viazi, samaki, muhogo, hata maembe mabichi, lakini ugali wa mtama ule haukuingia kinywani mwake. Wakubwa walisema ni majonzi, yatapita. Alikonda. Tulipooga ziwani nilimhesabu mbavu kwa macho, kila siku, na kila siku nilijiambia leo nitamwambia: niliibuni sheria ile, yote, hata kitambaa, haina nguvu ya kuua hata kuku. Kisha nikawaza kwamba nikimwambia niliibuni, ataniuliza kwa nini niliiandika vile. Nikanyamaza. Nikala ugali. Nilinenepa msimu ule, Mungu anisamehe, mpaka watu wakanitania.

Hakufa. Alipata nafuu, kama miti ipatavyo, bila kumweleza mtu. Aliolewa Awendo, akalea watoto wake kwenye mashamba ya miwa, nami nikawa mwalimu, kazi ya kuwaambia watoto wa watu wanachoweza na wasichoweza. Tulitembeleana kwenye harusi na misiba. Hatukulitaja.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Tulikuwa tumeketi barazani kwake asubuhi, tukimenya njugu, malori ya miwa yakipita na kuangusha vipande ambavyo wajukuu wake waligombania barabarani. Wawili wa wajukuu walikuwa wamechora kitu mchangani na kubishana. “Wewe huwezi,” mmoja alipiga kelele, “wewe ni mgonjwa!” Mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kijaluo cha utotoni, bila kumtazama: kwamba aliniomba mimi, kwamba niliogopa chira, kwamba niliandika binti wa kumzaa ili kama kifo kitatafuta mkono, kikute wake na si wangu. Kwamba nilikuwa na njaa.

Aliendelea kumenya. Ganda, punje, ganda, punje.

“Mhunzi ndiye hakugusa mbegu,” alisema mwishowe. “Mganga aligusa. Nilijua siku ile ile, nyamera. Nilijua nikiwa nafunga kitambaa.”

Nyamera ni dada yangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tulipokuwa wasichana.

“Na ukaenda tu?”

“Wadogo walikuwa na njaa. Mama yako alikuwa haleti mkono kwenye sahani, unadhani sikuona?” Alipuliza maganda kwenye ungo. “Ungesema tu unaogopa. Ningepanda hata hivyo. Lakini tungeogopa wawili.”