Vitambaa vya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na tangu sijazaliwa ndiye anayeshona vitambaa vya meza vya mkahawa wa Walebanoni ulio kwenye kona ya mtaa wetu. Huvipeleka kwa mlango wa nyuma, akapewa chai jikoni, akarudi zake. Kukaa mezani kama mgeni, hata siku moja.

Sasa kulikuwa na jambo likimkereketa. Kila mwaka wenye mkahawa humwagiza vipya, na vya zamani havionekani kwenye kamba ya nguo wala mkononi mwa mtu. Akajiaminisha kwamba mishono yake haidumu, wanavitupa, ila wanaona haya kumwambia. "Nikijua ni kweli," aliniambia, "cherehani naifunika, basi." Nikamwambia twende tukale, tukajionee.

Ukumbi ule, jamani, una utulivu wake. Watu wamejaa, mikate inatoka tanurini imevimba kama mito, dengu zilizosagwa na ufuta zinang'aa mafuta ya zeituni, na bado husikii sahani ikigonga meza. Zinatua kimyakimya, utadhani zimewekwa kitandani.

Shangazi hakula. Sahani aliipakata, asije akachafua kitambaa. Mwenye mkahawa, mzee wa masharubu meupe, akaja kumtania: "Fundi, meza imekukosea nini hata umeinunia?" Hapo uvumilivu ukamwishia, akamuuliza vya zamani viko wapi.

 Mzee aliinua pindo la kitambaa. Chini yake kulikuwa na kingine, cha mwaka jana. Chini ya hicho, cha bluu. Kisha cha mistari. Kisha cha maua, alichokishona mwaka alioolewa. Utaratibu huo, mzee alitueleza, aliuweka marehemu mama yake: kipya hulala juu ya cha zamani, vyote vikifuliwa vizuri na kuanikwa juu ya paa, ili sahani zisipige kelele watu wakizungumza.

Shangazi alivipapasa kimoja kimoja, kama anayesalimia watoto waliorudi safari. Cha chini kabisa kilikuwa cheupe, pindo limekwenda upogo: kazi yake ya kwanza. Akaomba akichukue akakinyooshe.

"Hicho hakiguswi, fundi," mzee akasema. "Mama atafufuka anichape."

 Shangazi akaiinua sahani kutoka mapajani, akaiweka mezani, tukatega sikio. Kimya. Akamega mkate, akachovya, tone la mafuta likaanguka juu ya kitambaa. Hakulifuta.