Shemeji Aliyepiga Hapana

Dolina Morrison aliipikia shule ya Ness, kule kisiwani Lewis, Uskoti, miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyebishana naye akashinda. Ulimi anao, tena mkali. Ndio uliomponza.

Septemba ile Waskoti walipopiga kura ya kujitenga na Uingereza, yeye alipiga Ndiyo. Tormod, mdogo wa marehemu mumewe, akapiga Hapana, na Hapana ikashinda. Asubuhi ya matokeo, dukani, mbele ya watu, Dolina akamwambia, "Wewe si Mskoti wa kweli." Tormod akachukua mkate wake akaondoka. Miezi minane hakutia mguu kwa shemeji yake.

Ikafika Mei, wakati wa kukata udongo mweusi wa kinamasi, ule unaokaushwa ukawaka kama kuni. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja juu anakata, mwingine shimoni anadaka bonge na kulirusha ukingoni. Tangu Dolina afiwe, mdakaji wake alikuwa Tormod. Majirani wangemsaidia, lakini alimtaka huyohuyo, na kuomba radhi hakuwezi, Mungu amsaidie.

Akaenda peke yake. Anakata, anashuka, anarusha, anapanda tena. Bonge la nne, kiuno kikagoma.

"Si Bunge lenu la Uskoti, kule Edinburgh, limeahidiwa madaraka zaidi?" Tormod huyo, ameegemea gari barabarani. "Liambie likuletee mdakaji!"

"Lingeleta, ila watu kama nyinyi mmelifunga mikono!"

Tormod akacheka, akavua koti, akashuka shimoni. Dolina alifurahi mpaka akakata mabonge yaliyopinda.

Wakati wa chai, Tormod akasema, "Mwanangu Calum ameoa Uingereza, shemeji. Wajukuu wamezaliwa hukohuko. Niliogopa wasije wakawa wageni kwetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulishanivua Uskoti kwenye foleni ya mkate."

Aibu ikamshika Dolina. "Nisamehe, shemeji. Nilikosa." Maneno hayo hata marehemu hakuwahi kuyasikia.

Tormod akanywa chai kwanza. "Na kura ikirudi?"

"Ndiyo, tena mchana kweupe."

"Nami Hapana."

"Haya, piga," akasema Dolina, akimkatia kipande kingine cha mkate wa shayiri. "Lakini hao watoto walete kiangazi hiki. Nchi iwe moja, iwe mbili, kwangu watakula."