Fundi Aliyeshona Baiskeli

Katika chumba cheupe ambacho dirisha lake halikufunguliwa kamwe, fundi cherehani alikuwa akiota nguo. Kitambaa kilitiririka kutoka chini ya sindano, kikapita mlangoni, kikateremka barabara nzima hadi kibandani kwake. Alipoamka, kitambaa kilikuwa shuka, na miguu iliyokuwa chini yake ilikuwa myembamba kama ya mtu mwingine.

Maradhi ya damu ndiyo yaliyomleta hospitalini. Dada yake mkubwa alikuwa amempa chembe za uboho wake, nazo zilikuwa zimekubali makao mapya. Ilibaki miguu: daktari alisema hatamruhusu kurudi nyumbani kabla hajaweza kuinuka kitini bila kujishika.

Kila asubuhi mama wa mazoezi, kama wagonjwa walivyomwita, aliingia amevaa barakoa, akamwekea pedali za baiskeli mbele ya kiti. Fundi aliweka nyayo, akasukuma mbele, akarudisha nyuma, mbele, nyuma.

“Fundi, baiskeli haishonwi. Zungusha.”

“Miguu hii haijui kuzunguka, mama. Inajua kanyagio la cherehani tu.”

Dada, aliyeketi pembeni, alicheka ndani ya barakoa yake. “Nimekupa uboho wangu, mdogo wangu, nawe unaulaza.”

“Ni wako, dada. Ndiyo maana unapenda usingizi.”

Kesho yake mama wa mazoezi alileta ubao, akauweka juu ya taulo iliyoviringishwa ili ubembee kama kanyagio. Fundi akafumba macho, akaukanyaga. Polepole chumba kikajaa mlio ambao hakuna mwingine aliyeusikia, na kitambaa kikatiririka tena. Alikanyaga hivyo siku baada ya siku, hata mapaja yakaanza kujaa. Lakini kila alipoambiwa ainuke, mikono ilikimbilia kiti yenyewe.

Ndipo dada alipomletea futi yake ya kupimia, iliyosafishwa kwa dawa. Mama wa mazoezi akasimama mbele ya kiti, akampa mgongo.

“Gauni hili la kazi linanibana mabegani. Hebu nipime.”

Fundi hakuwahi kumpima mteja huku yeye mwenyewe ameketi. Aliinyoosha futi kwa mikono miwili, akainuka nayo taratibu, kama mtu atokaye majini, akailaza mabegani pake.

“Aliyekushonea alikuonea,” alisema.

“Na mkono je?” aliuliza mama wa mazoezi bila kugeuka, ili fundi asikumbuke kuketi.

Nyuma yao, dada alikuwa ameinama, akivitafuta viatu vya mdogo wake chini ya kitanda.