Fundi Ushahidi na Matabaka Saba

Kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwa fundi yule ni kidole chake cha shahada. Mlango wa friji la bucha ulikuwa umekibana zamani, na tangu hapo kiungo cha juu kilipinda. Kila alipokisimamisha kusisitiza neno, kilielekea pembeni, kama kinachomshitaki mtu mwingine. Na fundi alikisimamisha mara nyingi mno. "Ushahidi upo!" angesema, kidole hewani, bisibisi katika mkono wa pili. Watu wakamwita Ushahidi. Jina hilo likamganda kama masizi kwenye sufuria, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Humo mafriji mengine yalisimama bila milango, mengine yalilala chali matumbo nje, na hewa ilinukia gesi, mpira mkuukuu na lehemu iliyochomwa. Redio ndogo juu ya rafu ilitoa mawaidha kutwa. Aliyoyapenda kuliko yote ni yale yaliyosema kwamba kila jambo linalogunduliwa leo na wataalamu wenye mashine lilikwisha kutajwa katika Kitabu tangu kale. Yeye shule haikumkubali, lakini aliposikia maneno hayo alijiona kama mtu aliyetangulia kufika mahali ambapo wasomi wanapapanda kwa jasho.

"Wao wanagundua," alipenda kusema, "sisi tunasoma tu."

Kinyozi, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko nyembe zake, hakuliacha hilo lipite. "Sasa wewe Ushahidi, mbona siku zote unakumbuka baada yao? Hebu safari hii tuambie kabla hawajagundua, tutajirike."

"Wee nyoa."

"Nanyoa. Na gesi ya friji, imo katika aya gani?"

"Nyoa kichwa cha mtu, usininyoe mimi!"

Walicheka, na siku ikapita. Lakini moyoni fundi hakuwa anacheka. Kwake jambo lile lilikuwa la kufa na kupona. Aliamini kwamba vijana wangeishika dini kama wangeonyeshwa kuwa imethibitishwa, na kwamba kazi ya kuthibitisha ilikuwa imemwangukia yeye.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alimlea humo humo karakanani, mtoto akifanya hesabu zake za shule juu ya friji lililolazwa kama meza. Binti alikuwa mwepesi wa kuelewa na mzito wa kusema. Alipofika chuoni, fundi ndiye aliyemsukuma asomee hali ya hewa. "Upande huo ndio wa mbingu," alimwambia mkewe. "Tutakuwa na shahidi wa ndani."

Binti alihitimu, akapata kazi katika kituo kilichokuwa pembeni mwa mji. Kila alfajiri baada ya kuswali alilijaza gesi puto kubwa jeupe, akalifungia chombo cha kupimia joto na unyevu, akaliachia lipande. Kinyozi akambatiza Bi Puto. Fundi akaringa mtaani kama jogoo aliyetaga.

Kisha ikaja Jumamosi ile.

Msikitini kulikuwa na darsa ya alasiri, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia lililofungwa nusu. Imamu, ambaye alikuwa kijana kuliko fundi, alimpa nafasi aseme maneno machache. Fundi alitoa mfukoni karatasi iliyorudufiwa mara nyingi hadi herufi zimevimba. Akaitaja aya ya mbingu saba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kisha akasoma kwenye karatasi majina ya matabaka ya hewa ambayo wataalamu wameyagundua. Aliyahesabu kwa kidole. Yalikuwa saba. Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Na msidhani ni maneno ya fundi friji," akasema. "Mwanangu anafanya kazi huko huko juu. Mama, simama uwaambie."

Binti alisimama nyuma ya pazia. "Baba, tutazungumza nyumbani."

"Haki haina faragha. Sema! Ni mangapi?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ukumbi ule ulikuwa na mwangwi. "Tunavyoyagawa sisi ni matano, baba. Hayo mawili ya kwenye karatasi yamo ndani ya hayo mengine. Ni kama kuhesabu friji, halafu ukaihesabu na friza yake, ukasema mafriji ni mawili."

Hakukusudia mzaha. Alitafuta tu mfano ambao baba yake angeuelewa upesi. Lakini ukumbi mzima uliangua kicheko, na kinyozi akalipiga goti lake. Hata imamu aliziba mdomo kwa kilemba chake. Binti aliongeza neno jingine, kwamba hizi ni hewa na mbingu hajapata kuzifikia, kwamba puto lake hupasuka likiwa bado katika tabaka la pili. Hakuna aliyemsikia.

Nyumbani, fundi alisimama katikati ya chumba bila kuvua kofia. "Leo umekikanusha Kitabu mbele za watu."

"Nimeikanusha karatasi, baba. Kitabu sijakikanusha."

"Ungenyamaza."

"Ulinisimamisha wewe."

Mama alikuwa kati yao, sinia mkononi, akimtazama huyu na kumtazama yule. "Jamani, maneno ya kuongea haya," alisema. Hayakuongewa.

Siku chache baadaye mteja mmoja alimuuliza fundi, kwa salamu tu, kama Bi Puto hajambo. Fundi hakuinua uso kutoka kwenye kompresa.

"Huyo hayumo," alisema.

Neno dogo, herufi sita. Alilitoa kwa hasira, kama mtu anayetema mate. Lakini mate ya mtu kama yeye, anayesimama msikitini, hayakauki upesi. Mteja alilichukua, akalipeleka alikolipeleka. Aliyelipokea hakuuliza hayumo wapi, alilijazia mwenyewe. Hayumo katika dini. Amesoma sana, ametoka. Baba yake mzazi kasema, na mchawi mpe mwanao akulelee, kwani baba atamsingizia mwanawe?

Wakati huo binti alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa sekondari, mtu mpole. Shangazi za mwalimu walikuja, wakakaa ukingoni mwa kochi, wakakataa kuegemea. Walisema kwa lugha ya pembeni kwamba hawana ugomvi na mtu, ila familia yao haiwezi kumchukua asiyekuwamo.

Binti alimfuata baba yake karakanani. Hakulia. "Baba, sikuombi kingine. Nenda kwao, uwaambie nimo. Basi."

"Kwanza useme saba."

"Siwezi kusema kwamba nimeona nisichokiona. Wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo, nilipokuwa mdogo, ulipokataa kumdanganya mteja kuwa kompresa imekufa."

Fundi aliinama, akaanza kukaza parafujo iliyokwisha kukazwa. Binti alisubiri kitambo, kisha akatoka. Mwezi ule aliomba uhamisho. Alipelekwa kwenye kituo cha mbali, kilimani, ambako walikuwa wafanyakazi wachache na mawingu mengi.

Nyumba ikabaki na watu wawili na jina lisilotajwa. Mama alizungumza na mwanawe kwa simu jikoni, sauti chini, maji ya bomba yakiachwa yamwagike ili yaifunike. Fundi alisikia maji, akajua. Mara nyingine mama alikuja mezani akasema hewani tu, kama anayezungumza na kikombe, "Huko kilimani baridi imekuwa kali." Fundi aliitikia kwa kukohoa. Hayo ndiyo yalikuwa mawasiliano ya baba na mwana, baridi na kikohozi, kwa miaka.

Mama aliugua figo. Alipozidiwa, binti aliitwa, lakini njia ilikuwa ndefu, na maiti haingoji. Alifika udongo ukiwa umekwisha kusawazishwa. Aliketi na wanawake, baba akaketi na wanaume. Wakati mmoja macho yao yalikutana mlangoni, na fundi akatazama kandambili zake. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa yote. Kupepesa jicho tu, na mwana akajua kuwa hakuna aliyemngoja. Asubuhi aliondoka.

Mke wake alikuwa na desturi ya kuisoma kila jioni ile sura yenye aya ya matabaka. Fundi alikuwa ameizoea sauti yake kama mtu anavyozoea mngurumo wa friji, ambao husikika siku unapokatika. Sasa ulikatika. Alasiri moja karakanani, akiwa hana kazi na hana hamu, alizima redio, akaufungua msahafu wa marehemu wenye tafsiri, aisome sura hiyo kwa ajili yake. Alidhani anaijua. Miaka yote ile aya moja ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, nayo ilimtosha; alikuwa akiitoa aliyoihitaji, kama fundi anayechomoa kipuri kwenye friji zima na kuliacha lililobaki.

Safari hii hakusimama. Alisoma iliyofuata. Nayo ilimwambia mtazamaji arudishe jicho lake, tena na tena, na kwamba jicho litamrudia limeshindwa, limechoka.

Alirudia. Akavua miwani, akaifuta, akairudia tena. Aya ilikuwa palepale, imeungana na mwenzake, haijajificha. Kitabu kilimwalika mtu atazame mpaka achoke. Yeye jicho lake halikuwahi kuchoka, kwa kuwa halikuwahi kutazama. Lilikuwa na karatasi. Aliyetazama ni mwanawe, aliyesimama kila alfajiri kwenye baridi, shingo nyuma, akilifuata puto mpaka lipotee, kisha akakiri mbele za watu kwamba hapo ndipo jicho lake lilipoishia. Na huyo ndiye aliyemwita hayumo.

Kinyozi alichungulia mlangoni. "Mzee, mbona redio kimya? Tumezoea kelele zako bwana." Alipoona uso wa jirani yake aliacha mzaha, akavuta kigoda, akaketi naye.

Jioni fundi alikwenda kwa imamu, akamwekea aya mbili mbele. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Imamu alizisoma zote mbili. "Ungesikia?"

"Nisingesikia."

"Na mimi nilicheka, fundi. Nilipaswa kusimama upande wa yule binti, nikacheka pamoja na wengine. Wataalamu hurekebisha vitabu vyao wakiona wamekosea; ndiyo heshima ya kazi yao. Wewe ulikichukua Kitabu chetu ukakifunga kwenye karatasi ambayo kesho itarekebishwa. Hakikukuomba uwakili."

"Nilitaka kukisaidia."

"Najua. Wengi wetu tunataka."

Ijumaa baada ya swala fundi aliomba asimame. Hakuinua kidole. "Zamani nilisema neno juu ya mwanangu," alisema. "Nilisema hayumo. Nilimsingizia. Yumo. Alikuwamo siku zote, na siku ile alisema kweli."

Watu walitazamana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Anamsema nani?" Mwingine, mzee mwema asiye na hila, alimshika bega walipokuwa wakivaa viatu. "Ushahidi, usijisumbue. Kwani alitoka? Sisi tulishasahau zamani."

Walishasahau! Fundi alitembea mpaka nyumbani na maneno hayo kifuani kama mwiba. Neno lililomvunjia mwanawe uchumba, likamtupa kilimani, likamfanya achelewe kumzika mamaye, kwa waliolibeba lilikuwa soga la jioni. Walilitua njiani, wakaendelea na safari. Hakuna aliyekuwa akilibeba tena isipokuwa watu wawili.

Simu ya marehemu bado ilikuwa kwenye rafu ya jikoni. Alikuwa akiichaji bila kujua kwa nini. Aliichukua kwa sababu namba ya binti ilikuwamo humo tu. Kwenye simu yake mwenyewe aliifuta mwaka ule wa hasira. Haikuita hata mara mbili.

"Mama?"

Lilimtoka binti kabla hajafikiri. Fundi akasikia upepo wa kule, mrefu, unaopiga bati.

"Ni mimi," alisema. "Baba yako."

"Ndiyo. Nimeona jina... nikasahau. Samahani."

"Usiniombe samahani wewe. Nilisimama msikitini. Nimewaambia ulisema kweli."

"Baba, mimi sikutaka useme nilikuwa sahihi. Idadi ya matabaka imo vitabuni, atakaye atafungua. Nilitaka useme nimo. Huku wenzangu wananiuliza kwa nini siendi nyumbani sikukuu, nawaambia kazi nyingi."

"Umo, mwanangu. Umo. Nimesema hivyo mbele yao, na nakwambia wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nje."

Alilia, na hakujua kama alikuwa akimlilia mke, au mwana, au miaka. Upande wa pili alisikia pua ikivutwa, halafu kicheko kidogo kilicholowa. "Baba, chaji itakwisha. Simu ya mama huzimika upesi."

"Iache izimike. Utakuja?"

"Lazima apatikane wa kunishika zamu. Puto halikai siku bila kupanda. Nitakuja na basi la Alhamisi. Nataka unipeleke kaburini kwa mama. Sijapata kwenda nikiwa na wewe."

Alhamisi karakana haikufunguliwa. Kinyozi alimnyoa fundi ndevu mapema, kimya, kwa mkono mwepesi, akakataa malipo kwa kutikisa kichwa. Stendi, fundi alisimama karibu na nguzo ambapo mabasi ya kilimani hushushia. Mabasi mengine yaliingia, yakamwaga watu na mabegi, yakaondoka. Wapagazi walimuuliza anamngoja nani, akawajibu, "Mwanangu," kisha akaliongezea nguvu, "mwanangu wa kwenye hali ya hewa," na mmoja akamwambia barabara ya juu ina ukungu, madereva wanakwenda polepole. Alichutama kidogo, akasimama tena, akihofu asije akaonekana ameketi. Kila honi ilipolia kwenye kona alinyoosha shingo. Basi lilikuwa bado. Akafuta miwani, akairudisha usoni, akaendelea kuitazama ile kona.