Viatu vya Mama wa Fundi Gundi

Saa moja asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Fundi Gundi ameketi kwenye kigoda chake, kiatu cha mama yake kiko mapajani. Ni kiatu cheusi cha ngozi, kimeshonwa kwa mkono. Soli imeanza kuachia upande wa vidole. Fundi anaingiza ukucha kwenye mwanya, anachungulia, anatabasamu.

"Kimefumuka," anasema, kama mtu anayetangaza habari njema. "Hata mwezi haujaisha!"

Kiatu hiki hakukitengeneza yeye. Hapo ndipo roho inapomuuma.

Kibanda chake kiko kwenye ujia, kati ya duka la dawa na ngazi za jengo la ofisi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amebandika soli, amegongea visigino na kushona mikoba iliyokatika vishikio. Jina la Gundi alipewa na wapita njia kwa sababu ya harufu inayomtangulia. Siku ikiwa njema hupitisha mikononi jozi kumi na tano. Lakini kiatu kizima, tangu ngozi mpaka soli, hajatengeneza tangu alipohitimu kwa mwalimu wake.

"Nani atanisubiri wiki tatu," anauliza, "wakati dukani mtu anaingia pekupeku na kutoka amevaa?"

Mwaka jana alishuka kwenye zile ngazi kijana mmoja mwenye shati lililonyooka. Kazi yake ni kununua na kuuza fedha za kigeni kwenye kompyuta. Fundi alimbandika jina la Bwana Chati, kwa ile mistari inayopanda na kushuka kwenye simu yake. Alileta kisigino kibadilishwe, akabaki kutazama. Kesho yake akarudi kuomba afundishwe.

"Kumbe huko juu kila mtu ana lake," anasimulia fundi. "Mmoja anaoka mikate, mwingine anafuga nyuki, wa tatu anachonga vijiko. Watu wana pesa ya kununua vijiko, wanakaa kuchonga!"

Bwana Chati mwenyewe anaeleza kwa upole. "Kutwa nzima nauza kitu nisichokishika, namuuzia mtu nisiyemwona. Ikifika jioni mikono yangu ni kama si yangu. Hapa nikikosea, kosa liko mbele yangu, naligusa."

Akawa anakuja kila akitoka kazini. Fundi alimwonyesha kukata ngozi, kushika msharasi, ile sindano nene ya ngozi, na kutoboa bila kuchana. Kijana akajifunza, kisha akampita mwalimu wake. Akifumua mshono mara nne hakasiriki, maana hana mteja wa kumharakisha.

"Ningemvumilia angekuwa mzembe," fundi anasema. "Lakini ana mkono, bwana. Mkono hata mimi ninao. Muda je, nani kanipa? Yeye akichoka anakwenda kulala. Mimi nikichoka ndiyo kwanza foleni inaanza."

Mambo yaliharibika siku mama yake fundi alipopita kumsalimia. Mama ana kinundu kando ya kidole gumba cha mguu, na kwa miaka mingi hakuvaa kitu ila ndala za plastiki. Bwana Chati aliuona ule mguu, akaomba ruhusa, akauchora kwenye karatasi. Akaenda kuchonga kalibu za mbao, mfano wa miguu ya kuundia viatu, zikiwa na kinundu chake. Baadaye akaleta viatu.

"Mama akavaa, akatembea mpaka duka la dawa na kurudi. Akasema, 'Haviumi.' Kisha akanitazama, asiseme neno. Afadhali angesema."

Tangu hapo mama huvivaa kila aendapo kwenye ibada. Akisifiwa, hujibu kwamba ametengenezewa.

"Watu wanadhani ni mimi," fundi anashika kichwa. "Wananipongeza! Na yule kijana anamwita mama. Kwani wa kwake yuko wapi?"

Mwezi ujao binti wa dada yake fundi anaolewa, na mama, bibi yake, amepangwa kumtangulia bi harusi kuingia ukumbini. Swali linalomkosesha fundi raha ni hili tu: mama ataingia na viatu vya nani?

Anarudi kwenye kiatu. Anavuta uzi uliokatika ili aone kosa la mwanafunzi wake. Tabasamu linafifia taratibu. Anauinua machoni, kisha anatazama kigurudumu cha uzi kinachoning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Ni uzi uleule: wa kahawia, mwembamba, haukupakwa nta.

Anakumbuka. Bwana Chati alimwambia, "Fundi, nipe uzi unaotumia wewe." Akampa.

Mama anafika wakati huohuo, amevaa ndala zake.

"Umeona ubovu, mwanangu?"

"Uzi, mama."

"Uzi wa nani?"

Fundi anakohoa. "Wangu."

"Ndio huo unaowashonea watu?"

Fundi anakigeuza kiatu upande wa pili.

"Haya," mama anavuta kiti. "Mimi sijasema kitu."

Fundi anakiri kwamba angeweza kukiacha kiatu hivyo hivyo mpaka harusi ipite. Wala hakuna ambaye angejua. Anainamisha kichwa kidogo, midomo ikicheza kama anayesali.

"Kila asubuhi namwomba Mungu aniondolee wivu," anasema. "Bado hajaniondolea. Ila leo amenipa kazi."

Anatoa uzi mnene, anaukunja mara mbili, anaupitisha kwenye nta. Anashona soli yote upya, kisha anadai na kile cha pili, ambacho hakijafumuka.

Viatu vya harusi fundi anataka kumtengenezea mama yeye mwenyewe, na Bwana Chati alishasema yuko tayari kumwazima zile kalibu. Fundi amekataa.

"Miguu ya mama yangu siazimi kwa mtu."

Anatandaza karatasi chini, anapiga magoti. Penseli inapita kwenye kisigino, mama anaruka kwa mtekenyo.

"Tulia, mama!"

"Una mikono baridi."

Anamaliza, anapima, anapima tena. "Wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto."

"Ulirefuka nilipokuwa na mimba yako. Haukurudi."

Fundi anaandika vipimo viwili, kila mguu na wake. Miaka yote hiyo hakujua.

Mpango wake ni kutumia saa ya kwanza ya kila siku, kabla ya wateja, na kumaliza viatu kabla ya harusi. Mama hajaahidi kitu. Amesema atavaa visivyombana.

"Siku hiyo watu wote watamtazama bi harusi," anasema Fundi Gundi, akiikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. "Mimi nitakuwa mlangoni, natazama chini."