Kikoi cha Baba Mlangoni Maskati

Sisi tuliokuwa watoto Maskati kabla ya barabara za lami tulimjua mtu kwa nguo ya kiunoni kabla hajatoa salamu. Leo sijui nani anajali. Mimi mwenyewe nimechoka kueleza, maana nikianza tu wajukuu wanainamia simu zao. Lakini nyie mliokuwepo mtanielewa.

Wavuvi wa Sidab walifunga wizari, nguo ya kiunoni kama kikoi, fupi ya mirabaraba, kifua wazi, kitambaa kichwani, na harufu ya papa ikiwatangulia. Watu wa milimani walioshuka na punda na tende walivaa dishdasha, kanzu za huko, za rangi ya vumbi, mkanda na jambia, hata kama wamekuja kununua chumvi tu. Mabalushi wa Matrah walikuwa na suruali pana na shati la kufika magotini. Banyani walizungusha nguo nyeupe miguuni, na mpaka leo sijaelewa ilianzia wapi na iliishia wapi. Na sisi tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukafikia katika nyumba ya kuazimwa, tulikuja na kikoi.

Cha Baba kilikuwa cheupe, chenye ukingo mwekundu na matamvua. Alikikunja kulia juu ya kushoto, akakiviringisha kiunoni, akalipiga tumbo kofi jepesi, basi hakishuki hata apande mnazi. Na alikuwa na taratibu zake. Asubuhi nyumbani, kikoi na fulana. Kwenda dukani, kikoi na shati lililopigwa pasi ya makaa. Ndugu wakija, kikoi kipya, shati la mikono mirefu, kofia ya viua na moshi kidogo wa udi. Kanzu ilikuwa ya msikitini, ya harusini na ya wageni. "Ndugu yako ukimvalia kanzu," alituambia, "ushamwambia kuwa yeye mgeni."

Hakuna aliyemwambia kwamba Maskati wizari huvaliwa ndani ya dishdasha. Anayetoka nje na wizari tu, ama anakwenda baharini ama anabeba mizigo.

Basi akaja Ami Saif, binamu yake Baba, ndiye aliyetuazima nyumba, akasema kuna jamaa zetu wa Matrah wanataka kumuona dada yangu Zuwena kwa ajili ya kijana wao. Nyumba nzima ilichangamka. Skuli ya wasichana haikuwepo, kazi ya Baba haikuwa ya kueleweka, na mitaani tulikuwa bado tunaitwa wale wa Zinjibari. Kule tulikotoka tuliitwa Waarabu, huku tukawa Waswahili. Zuwena akiolewa na jamaa zetu wenyewe, tutakuwa watu wa hapa. Mama alipika halwa mpaka mikono ikamvimba. Zuwena mwenyewe nilimuona anajipaka wanja, anaufuta, anaupaka tena.

Baada ya Alasiri wazee wakaja, dishdasha nyeupe pee, vilemba, bakora mkononi. Baba alikuwa amekaa mlangoni akiwangoja, kama tulivyokaa barazani Unguja. Kikoi kipya, shati limenyooka, kofia, anang'aa kwa furaha. Aliwavalia kindugu.

Wazee walitazamana. Wakaingia, wakakaa ukingoni mwa mkeka kama watu waliokosea nyumba. Kahawa waliigusa kwa midomo, wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka, halwa hawakuionja. Wakauliza habari za afya, wakauliza tena habari za afya, wakaaga. Neno walilojia halikutamkwa. Nyuma ya pazia Zuwena alinishika mkono, na kucha zake nazisikia mpaka leo.

Ami Saif alirudi peke yake, uso umemwiva. "Yaa Nassor! Watu wamekuja kukuomba binti, nawe unawapokea na nguo ya ndani?"

"Ndugu zangu wale," Baba akasema. "Niwavalie kanzu, kwani wageni?"

"Basi wamekwenda zao, wanasema umewadharau."

Baba alikaa na kahawa iliyopoa mpaka Mama akaja kuondoa vikombe.

Siku zile zilikuwa nzito. Zuwena hakumlaumu Baba kwa neno, ila aliacha kumpigia pasi, na hilo likamuuma kuliko lawama. Ndipo siku moja tukiwa pwani na Baba na Mama tukamuona Mzungu wa jeshi, mpiga zumari, kavaa sketi ya sufu ya mirabaraba, soksi mpaka magotini, koti, na kimkoba kinaning'inia mbele. Baba alisimama akamtazama kwa makini, toka viatu mpaka kofia.

"Huyu naye kafunga kikoi," akasema. "Mbona hakuna anayemcheka?"

"Kikoi chake kina serikali," Mama akamjibu.

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akaenda kwa fundi Matrah akashonesha dishdasha yenye kishada shingoni, akakitia mafuta mazuri, akaenda mwenyewe kwa wale wazee kuomba radhi. Walirudi. Safari hii kahawa ilinywewa na neno likasemwa, na Zuwena akaolewa. Baba hakukaa tena mlangoni na kikoi. Alikivaa ndani ya dishdasha mpaka alipokufa, na upepo ukivuma tuliuona ule ukingo mwekundu chini.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwa Zuwena, Mawaleh. Wakwe wa mjukuu wake walikuja kwa mara ya kwanza. Kijana mwenyewe akatokea na fulana yenye maandishi ya Kiingereza, ndara za mpira, na kikoi alichokinunua kwa bei ya mbuzi, kakifunga fundo la ubavuni kama msichana aliyetoka kuogelea. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua wakwe wanacheka, wanamuuliza kakipata duka gani, na wao wanakitaka. Sisi hayo yalitugharimu usingizi, wao wanauliza duka. Sikujua nifurahi au nilie, na umri huu vyote viwili vinanichosha.

Zuwena aliinuka kwa shida, magoti hayo, akamwita kijana pembeni. Nikadhani atamgombeza. Alilifungua lile fundo, akakunja kulia juu ya kushoto, akaviringisha, akampiga tumbo kofi jepesi.

"Baba yangu mie," akamwambia, "haya sasa nenda kakae mlangoni, watu wakuone."