Mrama Niliouona Ziwani

Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili shuleni Mwandiga nikiwaambia wanafunzi kwamba "kwenda mrama" ni mambo kuharibika. Ubaoni ilitosha. Mrama wenyewe niliuona ndani ya boti, nikirudi Ujiji kutoka kumzika shangazi katika kijiji cha kusini.

Nahodha alikuwa mjomba wangu. Kabla hatujaondoka alimwambia mwenye boti, "Bosi, imejaa. Na ziwa limechafuka."

Mwenye boti akaamuru magunia mengine ya dagaa yapakiwe, mpaka abiria tukakosa pa kuweka miguu. "Kama unaogopa, nimpe mwingine usukani?"

Mjomba alitutazama, akapanda. Bosi yeye alisema atakuja kwa pikipiki.

Katikati ya safari mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Boti ililala kushoto, ikainuka, ikalala kulia, kila mara ikichelewa zaidi kuinuka. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akisali kwa Kiha.

"Inakwenda mrama!" mjomba alipiga kelele. "Tupeni magunia!"

Hakuna aliyesogea. Mali ya mtu ile.

"Mwalimu, tupa!" mjomba alinigeukia.

Nikatupa la kwanza. Ndipo wengine wakaanza, na boti ikatulia kidogo kidogo. Tulifika Ujiji wote wazima, tumelowa, wengine wanalia.

Jioni ile mwenye boti alifika mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akamfukuza mjomba kazi mbele ya watu. Abiria walipopiga kelele, akalainisha sauti: "Ndugu zangu, mambo yalikwenda mrama tu. Ni mipango ya Mungu."

Damu ilinipanda. Maneno niliyowafundisha watoto wa watu, leo yeye anajifunikia!

"Mambo gani?" nilimuuliza. "Iliyokwenda mrama ni boti, na aliyeijaza ni wewe. Mungu alibeba gunia gani?"

"Mwalimu, punguza hasira."

"Sipunguzi! Uliambiwa imejaa, ukasikia."

Watu walicheka, wengine wakanivuta mkono. Yeye akawasha pikipiki akaondoka.

Mjomba hakurudishwa. Siku hizi anashona nyavu za watu nyumbani kwake Katubuka, na nikianza habari zile huniambia, "Yaache, mjomba." Boti bado inasafiri, na nahodha mpya hasemi kitu.

Juzi nilikutana na mwenye boti harusini. Alininyooshea mkono huku akitabasamu. Nikampita, nikaenda kukaa.